Kusamehewa Somo

Fomu ina kurasa saba, na ada yake hairudishwi.
Ukurasa wa tatu unauliza: Ulijifunzia wapi?
Umeacha nafasi ya mstari mmoja.
Nikaandika: Marikiti, lango la chini,
tangu mwaka ule mama alipoumia mgongo.
Mstari ukaisha kabla ya mgongo.

Waliniita Alhamisi, saa tano, ghorofa ya nne.
Meza, jagi la maji, watahini watatu:
Daktari Obura mwenye kalamu mbili,
Bi. Chelagat wa usajili, ameshikwa na mafua,
na kijana ambaye hakutajwa jina
na alizitazama kucha zangu.
Udongo wa Kinangop hautoki kwa sabuni, ndugu.
Nilijaribu.

"Takwimu ya Kwanza," Daktari akasema, "ni wiki kumi na nne.
Wenzako wanaketi darasani.
Wewe unataka alama tatu kwa kuuza viazi?"

"Siuzi," nikasema. "Nanunua.
Kuuza ni kazi ya mdomo."

Basi nikawaeleza.
Saa tisa usiku lori linaingia kinyumenyume,
magunia mia na ishirini, kila moja na lumbesa yake kichwani
kama kofia ya sherehe.
Huwezi kufungua yote.
Wenye mikokoteni wanapiga miluzi
na bei haingoji kupambazuke.
Unachagua matano.
Si ya mlangoni; hayo yamepangwa yakungoje,
yameoga, yana adabu.
Moja la juu, moja la ubavuni,
moja alilolikalia utingo safari nzima,
moja la chini kabisa, linalobeba wenzake.
La tano namwachia mtoto yeyote anayepita
anionyeshe kwa kidole,
maana mkono wangu nimeuzoea, una upendeleo.

Bi. Chelagat akaacha kupenga.

Unatia mkono hadi kiwiko. Unanusa. Unahesabu.
Methali inasema samaki mmoja akioza, wote wameoza;
methali haijawahi kulipia lori zima.
Kiazi kimoja kikioza, kimeoza kimoja.
Swali ni: kina ndugu wangapi?

Nikafungua daftari. Miaka tisa.
Kiangazi, katika kila mia, vitatu.
Masika, vinane.
Mwaka ule barabara ilipokatika, kumi na saba,
na ndiyo sababu, ukitafuta jina langu
katika orodha ya mwaka ule, hulioni.

"Kwa nini matano? Kwa nini si ishirini?"

"Muda," nikasema. Hakutosheka.
"Nikifungua ishirini nitajua zaidi,
lakini sitajua mara nne zaidi.
Kuna mahali kujua kunaanza kuwa ghali kuliko viazi."

Akaiweka chini kalamu moja.
Kwa ile ya pili akachora herufi,
kama kiwavi aliyejikunja akasahau mkia nje.
"Hii je?"

Sikuijua. Nikasema siijui.

"Ni kipimo," akasema, polepole sasa,
"cha jinsi gunia na gunia yanavyotofautiana."

Kumbe. Mama huiita hasira ya lori.
Kuna lori tulivu, kila gunia kama jirani yake,
na kuna lori lenye hasira:
hili sukari, lile kidonda,
na wastani wake ukikudanganya, utafilisika
huku hesabu yako ni sahihi.

Yule kijana akaomba nirudie.
Nikarudia. Akaandika.

Barua ilikuja baada ya wiki sita.
Niliisomea sokoni, kwa taa ya simu:
Syombua Kithome amesamehewa Takwimu ya Kwanza.

Mama, ameketi juu ya debe, mkono kiunoni,
akaniomba nisome tena hapo katikati.

"Amesamehewa."

"Kwani uliwakosea nini?"

Lori la pili lilikuwa linarudi nyuma, mtu akipiga bati, njoo, njoo, njoo.
Nikakunja barua.
Nikakunja mkono wa sweta.